Furaha ya Nani? Tukisikiliza Simfonia ya Tisa ya Beethoven

Katika sharika zetu tumezoea kupima wimbo kwa machozi. Kwaya ikiimba na watu wakalia, tunasema wimbo ule ulikuwa na upako. Wasipolia, tunasema kwaya haikuomba vya kutosha. Kipimo hiki kina ukweli ndani yake, maana Maandiko yanatuonyesha muziki ukiifikia roho ya mtu. Kinubi cha Daudi kilimtuliza Sauli. Nabii Elisha, alipoendewa na wafalme watatu, aliomba kwanza aletewe mpiga kinubi, kisha ndipo akatoa neno la Bwana. Lakini Sauli aliyetulizwa na kinubi ndiye yule yule aliyemrushia mpigaji mkuki. Moyo wake uliguswa, wala haukugeuka.

Tunataka kulitazama jambo hili kwa kusikiliza kazi moja ya muziki ambayo imetugusa kwa kina, nasi tumeipata kwa njia ya rekodi tu: Simfonia ya Tisa ya Ludwig van Beethoven. Msomaji asiogope jina. Simfonia ni kazi ndefu inayopigwa na okestra, yaani fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma nyingi kwa pamoja, na mara nyingi huwa na sehemu nne. Kabla ya Beethoven, simfonia kwa kawaida haikuwa na waimbaji. Yeye ndiye aliyeingiza kwaya katika sehemu ya nne ya hii ya Tisa, akiipa maneno kutoka shairi la Friedrich Schiller juu ya furaha, lililoandikwa mwaka 1785.

Simfonia hii ilipigwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 7 Mei 1824. Wakati huo Beethoven alikuwa kiziwi. Alisimama mbele ya okestra akionyesha mwendo, lakini wapigaji walikuwa wameagizwa kumfuata kiongozi mwingine, Michael Umlauf, kwa sababu mtunzi hakuweza kusikia walikofika. Inasimuliwa kwamba muziki ulipokwisha, mwimbaji Caroline Unger alimshika na kumgeuza awatazame watu, ili aone kwa macho makofi ambayo masikio yake hayakuyapata. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Warumi, anaifunga imani pamoja na kusikia. Hapa yupo mtu aliyewapa wengine kitu cha kusikia ambacho yeye mwenyewe hakukisikia kamwe kikipigwa. Aliandika kwa kutumaini.

Rekodi tunayoipenda ilifanywa tarehe 29 Julai 1951 huko Bayreuth, Ujerumani, ikiongozwa na Wilhelm Furtwängler. Ni rekodi ya zamani. Watu wanasikika wakikohoa, na sauti haina usafi wa studio za leo. Hata ukiisikiliza kwa spika ndogo iliyounganishwa na simu, kama wengi wetu tunavyofanya, unajua kwamba kuna jambo linatokea. Inachukua zaidi ya dakika 70. Sehemu ya kwanza inaanza kama ukungu wa alfajiri: sauti tupu zisizotuambia kama tumo katika furaha au huzuni, kisha okestra nzima inaanguka kwa kishindo. Sehemu ya pili inakimbia, ngoma zikiingilia kati kama mtu anayekatiza mazungumzo. Sehemu ya tatu ni sala. Furtwängler anaipiga polepole mno, karibu dakika 20, na fidla zinapumua kama mtu aliyepiga magoti asiyetaka kusimama haraka.

Kisha inakuja sehemu ya nne, na hapa ndipo mwalimu yeyote wa kwaya angepaswa kukaa chini na daftari. Okestra inapiga kelele ya kutisha. Chelo na besi kubwa zinajibu, zikizungumza kama mhubiri asiye na maneno. Okestra inakumbusha sehemu ya kwanza, besi zinaikataa. Inakumbusha ya pili; nayo inakataliwa. Inakumbusha hata ile ya tatu, ile sala nzuri; besi zinaisikiliza kwa upole kidogo, halafu zinaiacha. Ndipo unapoanza wimbo wa furaha, chini kabisa, bila maneno, bila kuungwa mkono na chombo kingine. Katika rekodi hii Furtwängler ananyamaza kwanza, kisha anauachia wimbo kwa sauti ndogo kiasi kwamba mtu aliye barabarani, malori yakipita, hatausikia kabisa. Inambidi aingie ndani na kufunga mlango.

Na wimbo wenyewe ni mwepisi. Karibu wote umo ndani ya sauti tano, kuanzia do hadi so, ukipanda na kushuka hatua kwa hatua, isipokuwa mara moja unapogusa so ya chini. Mtoto wa Shule ya Jumapili anaweza kuujua kwa dakika kumi. Mtu aliyeweza kuandika muziki mgumu kuliko wengine wote wa wakati wake aliiwekea furaha wimbo ambao hakuna atakayeshindwa kuuimba. Kwetu hili ni fundisho, maana siku hizi kwaya nyingi hudhani ukubwa wa wimbo ni wingi wa kona zake, wala hazijali kama usharika utaweza kuuimba zikishatoka madhabahuni.

Baadaye kidogo kuna mahali ambapo kwaya inafika mbele za Mungu. Maneno ya Schiller yanataja kerubi asimamaye mbele zake, na sauti zote zinasimama juu ya neno hilo. Furtwängler analishikilia kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani vifua vya waimbaji vinaweza kuvumilia. Halafu kimya. Baada ya kimya, badala ya malaika, tunasikia mlio mzito wa chombo cha chini na ngoma kubwa: bum, bum. Ni maandamano ya barabarani, yenye matoazi na pembetatu ya chuma, kwa mtindo wa bendi za askari wa Kituruki. Mwaka 1683 Waturuki walikuwa wameuzingira mji ule ule wa Vienna. Beethoven anatoka kwenye kiti cha enzi cha Mungu na kushuka moja kwa moja barabarani, tena kwa ngoma ya aliyekuwa adui. Sisi tunaokiri kwamba Neno alifanyika mwili hatuoni ajabu. Tunaona ni sawa kabisa.

Hadi hapa tumesifu. Sasa tuseme linalotusumbua.

Furtwängler huyu huyu, mwezi Aprili 1942, aliongoza simfonia hii hii mjini Berlin katika sherehe ya siku ya kuzaliwa kwa Adolf Hitler. Hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na baada ya vita alichunguzwa kisha akaruhusiwa kurudi kazini. Hatuketi hapa kumhukumu. Lakini tuutazame ukumbi: waliokaa mbele walisikia kwaya ikitangaza kwamba watu wote watakuwa ndugu, na wakapiga makofi, huku nchi yao ikiwaua Wayahudi kwa mamia ya maelfu. Walioguswa usiku ule bila shaka walikuwepo, na pengine wengine walilia. Machozi yao hayakumwokoa hata jirani mmoja.

Msiseme hayo ni ya Ulaya. Mwaka 1974 serikali ya walowezi ya Rhodesia, chini ya Ian Smith, ilitafuta wimbo wa taifa. Ilichukua wimbo huu wa furaha wa Beethoven, ikauwekea maneno mapya, ikauimba mpaka mwaka 1979. Wimbo ulioandikwa kwa ajili ya undugu wa watu wote ukawa wimbo wa dola iliyomnyima Mwafrika haki katika nchi yake. Sisi wa Mpemba tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Reli ya TAZARA, inayopita Tunduma na kuvuka kwenda Nakonde hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa sababu Zambia haikutaka shaba yake iendelee kupita mikononi mwa Rhodesia. Kilomita 1,860 za chuma, kutoka Dar es Salaam, zilitandikwa ili kumkwepa mtu ambaye muda mfupi baadaye angejichagulia wimbo wa furaha.

Je, wimbo umechafuka? Tungeweza kusema ndiyo na kuufunga mjadala. Lakini tunao wimbo mwingine wa kutusaidia kufikiri. Mwaka 1897 mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Kimethodisti nchini Afrika Kusini, Enoch Sontonga, alitunga wimbo wa kuiombea Afrika baraka. Wimbo huo ndio tunaouimba Watanzania, Mungu Ibariki Afrika. Ng'ambo ya pili ya mpaka, Nakonde, watu huimba sauti ile ile kwa maneno mengine, kwa kuwa Zambia nayo iliuchukua. Wanyamwanga walioko pande zote mbili wana lugha moja, na mataifa yao mawili yana sauti moja ya wimbo. Na Rhodesia ilipokufa na Zimbabwe kuzaliwa mwaka 1980, ni wimbo wa Sontonga uliokuwa wimbo wa taifa jipya, hadi mwaka 1994. Beethoven akatoka, mwalimu wa kwaya wa Kiafrika akaingia.

Tunachojifunza ni kwamba sauti ya wimbo haichagui nani aiimbe. Ni kama mvua inayowanyeshea wenye haki na wasio haki. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu aliyeguswa na muziki haliishii kwenye uzuri wa wimbo. Tumuulize pia: furaha hii unayoiimba, ni ya nani? Nani yumo ndani yake, na nani ameachwa mlangoni?

Swali hilo tukilirudisha kwa simfonia yenyewe, tunakuta kasoro ambayo hakuna kiongozi wa okestra anayeweza kuificha. Katika shairi la Schiller, mapema baada ya kwaya kuanza, kuna ubeti unaowaalika kwenye furaha wale waliopata rafiki wa kweli au mke mwema. Kisha unasema kwamba yule ambaye hakufanikiwa kupata hata mmoja wa kumwita wake, na ajiondoe kimyakimya katika kundi, akilia. Beethoven aliyaweka maneno hayo kwenye muziki, na pale yanapomalizika anapunguza sauti, kana kwamba tunamwona mtu akitoka nje ya ukumbi. Tukumbuke kwamba Beethoven mwenyewe hakuoa, na uziwi ulimtenga na watu miaka mingi. Aliandika sauti ya mlango unaofungwa huku yeye akiwa upande wa nje.

Hapa Injili na shairi vinaachana njia. Katika Luka sura ya 14 mwenye karamu anamtuma mtumishi wake barabarani na vichochoroni awalete maskini, vilema na vipofu, na nafasi inapobaki anamtuma tena. Karamu ya Kristo haimtoi nje yule anayelia. Tukiisifu Simfonia ya Tisa kama wimbo wa undugu wa watu wote bila kuutaja ubeti huo, tunausikiliza kwa sikio moja.

Ni kwa sababu ya ubeti huo kwamba rekodi ya pili imekuwa ya thamani kwetu, ingawa kwa ufundi haiifikii ile ya Bayreuth. Ni ya Okestra ya Simfonia ya Wakimbangu ya Kinshasa, iliyoonyeshwa katika filamu ya mwaka 2010 iitwayo Kinshasa Symphony, ya Claus Wischmann na Martin Baer. Okestra hiyo ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege. Wengi wa wapigaji ni watu wenye kazi nyingine mchana, wanaokuja mazoezini jioni. Mwanzoni vyombo havikutosha, wakavitumia kwa zamu. Uzi wa fidla ulipokatika, waliweza kuweka waya wa breki ya baiskeli. Wamepita katika kuanguka kwa Mobutu mwaka 1997 na vita vilivyofuata. Katika filamu umeme unakatika wakiwa ndani ya Simfonia ya Tisa, jambo ambalo kwaya yoyote ya huku kwetu italielewa bila kufafanuliwa.

Tuseme kweli kama wasikilizaji: fidla zao hazikubaliani kila mahali, na pale ambapo soprano wanapaswa kushikilia sauti ya juu sana kwa vipimo vingi, unasikia jitihada. Kwa Furtwängler vilevile mwisho unakwenda mbio kiasi kwamba okestra inakaribia kusambaratika. Lakini yule anasambaratika kwa kupita kiasi cha nguvu alizonazo, na hawa wanayumba kwa kubeba mzigo mkubwa kuliko mabega. Tumegundua kwamba mzigo huo una jina.

Armand Diangienda ni mjukuu wa Simon Kimbangu. Huyu alikuwa Mkristo wa misheni ya Kibaptisti katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1921 alianza kuhubiri na kuwaombea wagonjwa huko Nkamba, na makundi ya watu yakamfuata. Serikali ya kikoloni iliogopa. Katika mwaka ule ule alikamatwa na kuhukumiwa kifo, kisha hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Walimpeleka upande wa pili wa nchi, zaidi ya kilomita 1,500, mbali na mkewe Marie Muilu na wana wao watatu, katika gereza la Elisabethville. Mji huo leo ni Lubumbashi. Ndiko yanakokwenda mengi ya malori tunayoyaona yakipanga foleni hapa Mpemba kuusubiri mpaka. Kimbangu alikaa gerezani miaka 30, akafa humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Tuweke tarehe hizo mbili pamoja. Julai 1951, Bayreuth inafungua tena ukumbi wake kwa wimbo wa furaha. Chini ya miezi mitatu baadaye, katika mji ulio kwenye barabara yetu, anakufa mfungwa ambaye kwa miaka 30 aliondolewa katika kundi lake. Kanisa letu na kanisa lililotokana na Kimbangu hatufanani katika mafundisho yote, na tofauti hizo si ndogo. Lakini mtu akisikiliza rekodi ya Kinshasa huku akijua hayo, ubeti ule wa mtu anayetoka akilia hausikiki tena kama zamani. Wanaouimba ni watoto na wajukuu wa watu waliotolewa nje. Anayewaongoza ni mjukuu wa aliyefungwa. Wanajifunza Kijerumani neno kwa neno, lugha ngeni kwao kama ilivyo kwetu, ili waingie katika furaha ambayo mwandishi wake hakuwakumbuka. Wameingia, na mlango wameuacha wazi.

Ndiyo maana, mtu akituuliza rekodi ipi ni bora, tunamjibu kwamba ya Bayreuth ndiyo kubwa kwa muziki, na asiyeisikia amekosa kitu kikubwa. Akituuliza ipi imetusaidia kusali, tunamtajia ya Kinshasa. Ya kwanza ilitufundisha jinsi furaha inavyozaliwa kutoka kimya. Ya pili ilituuliza maswali ambayo tusingependa kuulizwa Jumapili asubuhi.

Maswali yenyewe ni ya hapa hapa. Nabii Amosi aliwaonya Israeli kwamba Mungu amezichoka kelele za nyimbo zao, kwa sababu haki haikutiririka kati yao. Sisi tunakaa kwenye mji wa mpakani. Usiku kuna madereva wanaolala chini ya malori siku kadhaa, mabinti waliofuata biashara na kuishiwa nauli, wageni wa kutoka Kongo na Zambia wasio na mwenyeji. Ndani ya usharika wenyewe wamo wajane, wamo walioachwa, wamo kina mama wasio na mtoto na vijana wanaosemwa kwa sababu hawajaoa. Kwaya inapoimba wimbo wa shukrani kwa ndoa na uzao, na watu wakaruka, yupo mtu ambaye Schiller angemwambia ajiondoe akilia. Mara nyingi anajiondoa kweli, akisingizia kwenda kupokea simu.

Hatusemi kwaya ziache kuimba furaha. Beethoven hakuacha, naye alikuwa na sababu nyingi kuliko sisi. Tunapendekeza jambo dogo linaloweza kufanywa Jumapili ijayo: wimbo wa furaha unapokuwa juu kabisa, wazee wa kanisa wasitazame mbele tu walipo waimbaji. Mmoja wao atazame mlangoni aone nani anatoka, amfuate taratibu. Na kama ni dereva aliyesimama nje akisikiliza kwa sababu viatu vyake vina grisi, amwambie aingie na viatu vyake.

Kwa wale watakaopenda kuisikiliza simfonia, tunawashauri wasianzie kwenye wimbo maarufu. Waanzie sehemu ya tatu, ile sala ya polepole, jioni kazi zikiisha, na wawe na subira nayo. Wakifika pale besi zinapoanza kuimba peke yake kwa sauti ya chini, wasiongeze sauti ya spika.